Mwanafunzi wa uzamili, Manzese wanakudai

Leo naomba niwaudhi marafiki zangu. Wengi wao wako Mlimani, Ardhi, Muhimbili na vyuo vingine vya jiji hili, wanasoma shahada ya pili na wachache ya tatu. Ni watu ninaowaheshimu. Wengine nawadai hela, na wengine wananidai mimi. Lakini kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, na nisipolisema litanipalia.

Jambo lenyewe ni hili. Ukiwaondoa mafisadi, ambao wana hesabu yao peke yao, sioni kundi linalochukua mengi kwa majirani zake na kurudisha kidogo kama wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Tulieni kwanza, msirushe mawe. Nitaeleza.

Fikiria safari ya mtafiti wetu. Chuo kinampa barua. Barua inakwenda mkoani, kutoka mkoani inakwenda wilayani, kutoka wilayani inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anamtafutia mjumbe wa kumzungusha nyumba kwa nyumba. Mjumbe yule ana shughuli zake, lakini anaziacha, maana ameambiwa huyu ni msomi wa chuo kikuu na kazi yake ni muhimu kwa taifa. Wanaingia kwa mama mmoja anayekaanga mihogo. Mama anaepua karai, anafuta mikono, anasomewa fomu ya ridhaa, anatia saini au dole gumba. Kisha anaulizwa maswali 47. Unapata shilingi ngapi kwa siku? Watoto wangapi wameacha shule? Choo mnachangia kaya ngapi? Mvua ikinyesha maji yanafika wapi? Mama anajibu yote, hata yale ambayo hajawahi kumjibu shemeji yake. Mwisho anaambiwa "asante sana mama, utafiti huu utasaidia jamii". Kwaheri.

Hapo ndipo mama na utafiti wanapoachana. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza (isipokuwa kwa wale wa Kiswahili), inajalidiwa kwa jalada gumu, inakabidhiwa chuoni, mtahiniwa anavaa joho, anapiga picha. Nakala moja inakaa maktaba. Mama wa mihogo hajawahi kujua kilichoandikwa juu yake. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na hojaji ya maswali 52, na cha kwanza kinachoulizwa ni kile kile: unapata shilingi ngapi kwa siku?

Sasa nambie, huyu mama ni nani katika mpango huu? Kwa mtazamo wangu ndiye mtu pekee aliyejitolea katika utafiti mzima. Ametoa muda wake, siri zake na mihogo iliyopoa, bila posho wala cheti. Halafu sisi wasomi ndio tunaokaa kwenye vijiwe vya kahawa tukilalamika kwamba Watanzania hawana moyo wa kujitolea!

*

Najua jibu la kwanza litakalokuja. "Kaka, mimi ada nimejilipia mwenyewe, sidaiwi na mtu." Nimelisikia mara nyingi. Wengi wanaosoma uzamili ni watu wazima, wameajiriwa, wanasoma jioni na wanalipa kutoka mfukoni. Ni kweli, na hongera kwao. Lakini tupige hesabu ya mezani. Mshahara wa mwalimu wako katika chuo cha umma unatoka Hazina. Ardhi ya Mlimani ni ya wananchi. Shule ya msingi ulisoma wapi? Shahada ya kwanza wengi wenu mlisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, na hata wale wanaoendelea kukatwa asilimia 15 ya mshahara wanarudisha fedha ambayo kwanza ilikuwa ya mlipa kodi. Mama wa mihogo halipi kodi ya mshahara, lakini analipa kwenye sabuni, kwenye mafuta ya kupikia, kwenye vocha ya simu na kwenye ushuru wa soko. Ada yako ni mchango. Gharama yenyewe kaibeba mwingine.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake juu ya hili, wengi tumeusikia tangu sekondari. Kijiji kina njaa, kinamkusanyia kijana mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Kijana akila, akaenda, asirudi, Mwalimu alimwita msaliti. Siku hizi mfano huo umebadilika kidogo. Kijana wetu hajaenda mbali hata. Yuko pale pale mlimani, anakiona kijiji kwa macho, taa zake zinawaka usiku kucha, na hashuki.

Maana umbali wenyewe ni kichekesho. Panda mwendokasi pale Ubungo, utashuka Manzese kabla hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Msewe na Changanyikeni zimegusana na uzio wa chuo. Mlimani kuna maktaba iliyozinduliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, inayoweza kukalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Chini yake kidogo kuna mtoto wa kidato cha pili anayefanya kazi ya nyumbani ya Hisabati kwa tochi ya simu ya dada yake, na hana wa kumuuliza. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

*

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimewasaidia watu ambao sina mpango wa kuwasaidia.

Neno "kujitolea" limetekwa nyara. Siku hizi ukilisikia mjini, tisa kwa kumi maana yake ni kazi isiyolipwa. Tangazo linasema: anatakiwa kijana mwenye shahada, uzoefu wa miaka miwili, kompyuta yake mwenyewe, awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo na "awe tayari kujitolea". Anaanza saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni, anafanya kazi ya mtu ambaye angelipwa mshahara kamili, na mwisho wa mwezi anapewa "moyo huo huo kijana wangu". Miezi sita inakuwa mwaka. Mwaka unakuwa miwili. Nafasi ikitangazwa anapewa mpwa wa mkubwa.

Hata kwenye fani yangu yamejaa. Nimewahi kufanya kazi katika chumba kimoja cha habari ambako vijana waliokuwa "wanajitolea" walijaza nusu ya gazeti. Tangazo la biashara lilikuwa linalipiwa, karatasi ilikuwa inalipiwa, dereva wa kusambaza alikuwa analipwa. Asiyelipwa alikuwa yule aliyeandika kinachosomwa. Huko sikuona kujitolea, niliona kutumikishwa.

Na kuna walimu wanaojitolea kwenye shule zetu za umma. Hawa suala lao limefika hadi bungeni. Mtu ana shahada ya ualimu, anafundisha vipindi kamili, anakula kwa michango ya wazazi pale wazazi wanapoweza kuchanga. Wanafunzi waliongezeka sana baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, lakini ajira za walimu hazikwenda kwa mwendo huo. Pengo likazibwa na mwili wa kijana. Serikali ikiwa na kazi ya kudumu, inayohitaji mtu kila siku, basi ni ajira hiyo. Kuiita "kujitolea" ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa hiyo wazee wanaosema "vijana wa leo hawataki kujitolea" wanastahili kujibiwa: vijana wa leo wamechoka kuibiwa. Mimi nina maswali matatu ya kupimia. Ukiitwa kujitolea mahali, yaulize.

Swali la kwanza: nani anapata faida? Kama faida inaingia kwenye akaunti ya mtu mwenye kampuni, huko ni kazini, adai mkataba.

Swali la pili: nauli na chakula cha mchana vinatoka wapi? Kujitolea ni kutoa muda na ujuzi. Kumwambia mtu atoe muda, ujuzi, na pia alipe nauli ya kwenda kuvitoa, ni kuhakikisha kwamba watakaojitolea ni watoto wa wenye nazo peke yao. Hata katika kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, walimu wa kujitolea vijijini walikuwa wanapewa kiposho kidogo. Na matokeo yalionekana: mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili, na kufikia mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wamebaki kama asilimia 10.

Swali la tatu: ukiondoka kesho, shughuli itasimama? Kama ofisi nzima itasimama kwa sababu "mjitoleaji" hajaja, basi ulikuwa mwajiriwa ambaye hajui kwamba ameajiriwa.

*

Baada ya kusafisha neno, turudi kwa mwanafunzi wa uzamili. Nimemchagua yeye kwa sababu. Yeye si mhitimu anayezunguka na bahasha akitafuta kazi ya kwanza. Huyo namwambia atafute mshahara kwanza, njaa haijitolei. Mwanafunzi wa uzamili mara nyingi tayari ana kipato, au ana ufadhili. Ana ujuzi ambao haupatikani mtaani kwa bei yoyote. Na ana barua ya chuo inayofungua mlango wa kila ofisi ya mtaa. Huyu akikosa saa mbili kwa wiki, tatizo haliko kwenye saa.

"Ndugu yangu, ujuzi wangu wa uzamili utamsaidia nini muuza mihogo?" Swali zuri. Tuanze na fedha.

Mitaa yetu imejaa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina: kausha damu. Chukua mfano. Mama anakopeshwa shilingi 100,000, anaambiwa arudishe 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 135,000. Anaambiwa riba ni asilimia 35, na yeye anaona si mbaya sana. Lakini mwanafunzi wa fedha aliyekaa darasani anajua kuna kitu kimefichwa. Mama hakai na ile laki moja kwa mwezi mzima, anaanza kuirudisha siku ya pili yake. Kwa wastani anakaa na kama nusu tu. Ukipiga hesabu sawasawa, riba ya kweli inazidi asilimia 60 KWA MWEZI. Hesabu hiyo kwa mtu wa uzamili wa fedha ni ya dakika tano. Kwa mama ni tofauti kati ya kubaki na kabati lake na kulipandisha kwenye pikapiki ya wakopeshaji. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tuna kanuni, tuna leseni. Nani pale mtaani anazijua? Meza moja, viti viwili, Jumamosi asubuhi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: leta mkataba wako wa mkopo tuusome pamoja kabla hujatia saini. Hivyo tu. Hakuna mradi wa wafadhili unaohitajika hapo.

Twende kwa wanasheria. Hapa sitaki kuonea watu, kwa sababu Mlimani ina Kamati ya Msaada wa Kisheria ambayo kwa miongo mingi imewasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Hao ni ushahidi kwamba inawezekana. Lakini wateja ni wengi kuliko meza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliofunzwa kuelekeza wenzao. Hawa wanahitaji wa kuwanoa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, hatua kubwa, lakini hukumu na sheria nyingi ambazo zimewahi kuandikwa ziko kwa Kiingereza. Mwaka huo huo mabaraza ya kata yakabaki na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, yakaondolewa mamlaka ya kuamua. Nenda mtaani uulize wangapi wanajua hilo. Utakuta mjane anapeleka mgogoro wa kiwanja kata, anasubiri "hukumu", na siku zinakwenda. Mwanafunzi wa uzamili wa sheria anayeweza kuandika kurasa 120 juu ya haki ya ardhi ya wanawake anaweza pia kuandika karatasi moja ya Kiswahili inayosema: mgogoro wako uanzie hapa, ukishindikana uende hapa, na uende na nyaraka hizi. Karatasi hiyo ingebandikwa kwenye ubao wa mtaa, ingesomwa kuliko tasnifu nzima.

Wa sayansi na uhandisi mna kazi rahisi kuliko wote. Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne imekuwa ikiburuta mkia miaka nenda rudi. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na jambo la kwanza zilizokosa lilikuwa walimu wa sayansi. Sisemi mwende kuwa walimu wa kudumu, hapo nitakuwa nimekula matapishi yangu. Nasema kundi la Jumamosi, saa mbili, watoto wasizidi kumi na tano, mtu yule yule kwa mwaka mzima. Uzuri wa mwanafunzi wa uzamili ni kwamba yuko karibu kwa miaka miwili, hivyo hawezi kusema nakuja halafu asionekane tena.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Kila mwaka wanakuja vijana wa miaka 18 kutoka Ulaya na Marekani, wanalipa fedha nyingi kwa makampuni ya kwao, wanafikia Moshi, Arusha au Zanzibar, wanafundisha Kiingereza wiki mbili, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Tunawacheka, na tuna haki ya kuwacheka. Lakini kabla hujacheka, jiulize: yule kijana amesafiri na ndege usiku kucha kuja kufundisha asichokijua. Wewe unakijua, na umeshindwa kuvuka barabara.

*

Wapo watakaosema haya yote ni ndoto za mwandishi wa habari. Basi nitoe mfano ambao si ndoto.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi wa pale wakachora ramani ya mtaa: njia, mifereji, visima, vyoo. Tandale ilikuwa na watu maelfu kwa maelfu lakini kwenye ramani nyingi ilikuwa kama doa tupu. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko makubwa yakalipiga jiji. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Mlimani wakishirikiana na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, kwa simu, kwa karatasi, na kwa picha za ndege zisizo na rubani. Ramani zile zimewekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzitumia: halmashauri, Msalaba Mwekundu, hata wewe. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam. Kwa ugonjwa kama huo, kujua kisima kiko wapi na choo kiko wapi si jambo la kitaaluma tu, ni la uhai.

Kwa nini lile lilifaulu? Naona mambo matatu. Wanafunzi walifanya kazi ya fani yao wenyewe, hawakupelekwa kufagia soko na kupiga picha wameshika mafagio. Wakazi walikuwa wachoraji, hawakuwa wahojiwa tu, ndio waliosema mfereji huu umeziba na njia ile usiku haipitiki. Na kilichopatikana kilibaki. Mradi ukiisha ramani ipo.

Linganisha na "kujitolea" kwa aina ile nyingine tunayoijua: fulana za njano, bango, mgeni rasmi, hotuba ya dakika arobaini, maji ya chupa, usafi wa mazingira nusu saa, na chupa za maji zinaachwa pale pale. Hiyo inaitwa sherehe. Tuiheshimu kama sherehe, tusiiite jina lingine.

*

Mtu ataniuliza: kwa hiyo unataka walazimishwe? Hapana. Historia yetu inatuonya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu bado wanabishana nani alikuwa sahihi. Mimi nachukua funzo moja tu: kinacholazimishwa na dola kinaweza kuitwa utumishi, kinaweza kuitwa wajibu, lakini hakiwezi kuitwa kujitolea. Na mkubwa anayetaka wadogo watoe, aanze yeye kutoa.

Ninachotaka ni kwa vyuo kuacha kujifanya havihusiki. Nina madai manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Moja. Kila tasnifu iliyokusanya taarifa kwa wananchi iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, na chuo kisipokee tasnifu bila ushahidi kwamba muhtasari huo umefika kwenye ofisi ya mtaa au kijiji kilichohojiwa. Hapa sizungumzii kujitolea. Hii ni adabu. Ukimpiga mtu picha unamwonyesha.

Mbili. Muda wa kusaidia mtaa utambuliwe kwenye matokeo ya mwanafunzi anayeuchagua. Kama semina ya kuwasilisha pendekezo la utafiti ina alama, kwa nini miezi minane ya kufundisha Hisabati isiandikwe popote?

Tatu. Chuo kitenge nauli. Tunajua posho za semina na vikao zinapatikana. Zikipunguzwa kidogo, nauli ya daladala itapatikana.

Nne. Mtaa ndio useme unahitaji nini. Mwenyekiti na wajumbe wake wapeleke orodha, chuo kitafute mwenye ujuzi. Siku hizi tunafanya kinyume, msomi anaamua shida ya mtaa ni nini kutokana na makala aliyoisoma, kisha anawatafuta wenye shida hiyo.

Piga hesabu ndogo. Wanafunzi 100 tu wa uzamili, saa 2 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka: ni saa 6,000 za ujuzi. Na vyuo vya jiji hili vina wanafunzi wa uzamili wengi kuliko 100. Jiji letu lilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Hatuwezi kuwafikia wote, najua. Lakini mtu anayesema "hatuwezi kuwafikia wote" mara nyingi ni yule ambaye hajamfikia hata mmoja.

Kwa marafiki zangu wa uzamili niseme neno la mwisho. Msisubiri chuo. Madai yangu manne yanaweza kuchukua miaka, mnajua vikao vyetu. Meza ya Jumamosi haihitaji seneti. Inahitaji wewe uende ofisi ya serikali ya mtaa, usalimie, ueleze unajua nini na una saa ngapi, kisha ukae kimya usikilize. Nenda bila hojaji safari hii. Usiahidi makubwa. Ahidi saa mbili, zitimize. Kama huwezi kutimiza usiahidi kabisa, maana mitaa yetu imeshaahidiwa vya kutosha.

Najua wapo mtakaokuja juu. Karibuni, uwanja ni wenu, nirarueni mpendavyo. Ila nina sharti moja. Kabla hujaanza kunishambulia jibu kwanza maswali haya mawili: mwenyekiti wa mtaa wako anaitwa nani? Na mara ya mwisho ulipoingia ofisini kwake bila shida yako binafsi ilikuwa lini?